Maneno ya Kilatini katika Hati za Sheria

Somo kwa wakatekumeni na kwa wote wanaojifunza kusoma



Mara nyingi mtu wa kijiji hushuka mjini Goma akiwa na hati mkononi. Ametoka Rusayo, au Kibumba, au Sake. Amepita katika mitaa ya Birere na Mapendo akiuliza ni nani awezaye kumsomea. Hati yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa, na ndani ya Kifaransa hicho yamepandwa maneno mengine ambayo hata kijana aliyemaliza shule hawezi kuyaeleza: Pro Justitia, de cujus, pro Deo, ipso facto. Kijana huyaruka. Mwenye hati huona haya kuuliza. Hutia kidole gumba katika wino, na shauri limekwisha. Labda amekiri jambo ambalo hakulisema. Labda ameiacha nyumba ambayo sheria ilimruhusu kukaa.

Somo la leo latupasa kuondoa woga huo. Maneno haya si uganga, wala si siri ya wakubwa. Ni maneno ya Kilatini, na kila moja lina maana yake iliyo wazi. Tena ninyi wakatekumeni mna faida ambayo wengine hawana: maneno mengi mmekwisha kuyasikia kanisani. Tangu Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Misa husomwa kwa lugha za watu, lakini nyimbo za Kilatini hazikutoweka. Aliyeimba Pater noster amejua kwamba pater ni baba. Aliyejibu ora pro nobis amejua kwamba pro ni kwa ajili ya. Aliyeadhimisha sikukuu ya Corpus Christi amejua kwamba corpus ni mwili. Kwa maneno hayo matatu tutafungua hati nyingi.

I. Kilatini kilifikaje katika hati zetu?

Kilatini kilikuwa lugha ya Waroma wa kale. Waroma walipenda sana kuandika sheria. Karibu na mwaka 450 kabla ya Kristu waliandika sheria zao juu ya mbao kumi na mbili na kuziweka hadharani, ili kila raia ajue haki yake, asidanganywe na waamuzi waliokuwa wakizishika sheria kichwani mwao tu. Baada ya miaka karibu elfu moja, Kaisari Justiniano wa Konstantinopoli aliamuru sheria hizo pamoja na mafundisho ya wanasheria wa zamani zikusanywe; kitabu chake kikubwa kilitolewa mwaka 533.

Kitabu hicho kilisomwa karne nyingi katika vyuo vya Ulaya. Kutoka huko mawazo yake yaliingia katika sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo ilitumika pia Ubelgiji. Wabelgiji nao waliyaleta Kongo. Amri juu ya mikataba iliyotolewa tarehe 30 Julai 1888, wakati wa utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, ingali msingi wa sheria ya mikataba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ndiyo sababu karani wa Goma, asiyejua hata sala moja ya Kilatini, huandika maneno ya Kilatini kila siku.

Kanisa nalo lina sheria yake, na maandishi yake rasmi ni ya Kilatini. Mkusanyo unaotumika sasa katika Kanisa la Kilatini ulitangazwa mwaka 1983. Fungueni ukurasa wa kwanza wa vitabu vingi vya dini, mtaona maneno Nihil obstat. Maana yake: hakuna kizuizi. Yaani msomaji aliyewekwa na Askofu amekichunguza kitabu, asione neno lipingalo imani. Hilo nalo ni neno la sheria.

II. Neno PRO: kwa ajili ya

Tuanze na Pro Justitia. Mtu akiitwa mbele ya ofisa wa polisi wa mahakama, yule ambaye watu humwita OPJ, maneno yake huandikwa katika hati iitwayo procès-verbal. Juu kabisa ya hati hiyo utaona: PRO JUSTITIA. Maana yake ni kwa ajili ya haki. Si jina la ofisa, wala si hukumu, wala si alama kwamba umekwisha kuonekana mwenye hatia. Ni tangazo tu la kazi ya karatasi ile: imeandikwa ili haki itafutwe.

Basi ikiwa karatasi imeandikwa kwa ajili ya haki, yafaa iwe na maneno ya kweli. Usitie sahihi wala kidole kabla hujasomewa yote kwa lugha unayoifahamu. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Serikali, lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yataja pia lugha nne za taifa, nazo ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 18, yaagiza kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na jamaa zake au wakili wake. Tena yasema kwamba polisi wasimshike zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa mahakama wanaohusika. Kwa hiyo ukisikia kwamba maneno yako hayakuandikwa sawasawa, sema kwa adabu: «Bwana Ofisa, hapa sikusema hivyo, naomba pasahihishwe.» Huo si ukaidi. Ndio Pro Justitia yenyewe.

Neno la pili ni pro Deo. Mmeimba Agnus Dei, yaani Mwana-kondoo wa Mungu. Hapa neno ni lile lile, ila mwisho wake umegeuka. Pro Deo ni kwa ajili ya Mungu. Hapo zamani wakili aliyemtetea maskini bila malipo alihesabiwa kuwa amefanya kazi kwa ajili ya Mungu, maana Mungu ndiye atakayemlipa. Wabelgiji walilitumia neno hilo, na Wakongo wanalitumia hata leo: wakili wa pro Deo ni wakili wa bure kwa mtu asiye na uwezo. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 juu ya mawakili inaagiza kwamba chama cha mawakili kiwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa watu wenye mapato haba. Mwenye shida huomba kwa wakuu wa mahali pake hati ya kuthibitisha umaskini wake, kisha huipeleka ofisini hapo.

Jihadharini hapa! Akitokea mtu na kusema, «Mimi ni wakili wa pro Deo, lakini lete kwanza pesa za kazi yangu,» maneno yake yanapingana yenyewe. Anayedai ujira wake hafanyi pro Deo. Ulizeni jina lake katika ofisi ya mawakili kabla ya kutoa senti.

III. DE CUJUS: maneno yawapasayo wajane na yatima

Sasa tufikie maneno yaliyowaliza watu wengi. Tufanye mfano. Mume amefariki. Siku za matanga hazijaisha, nao ndugu za marehemu wanakuja na karatasi. Mjane anasomewa kwamba «mali ya de cujus itagawanywa.» Mjane anajiuliza: huyu de cujus ni nani? Ni mtu wa Serikali? Ni mdai aliyemkopesha mume wangu? Kwa hofu anafunga mizigo yake, anachukua watoto, anarudi kwa wazazi wake.

De cujus si mgeni. De cujus ni marehemu mwenyewe. Ni kipande cha maneno marefu ya Kilatini, is de cujus successione agitur, ambayo maana yake ni: yule ambaye urithi wake unashughulikiwa. Watu wa sheria waliyakata, wakaacha maneno mawili tu ya katikati. Ni kama sisi tunaposema «marehemu» bila kutaja jina. Kila mahali usomapo de cujus, weka neno «marehemu,» na karatasi itasomeka.

Basi, sheria yasemaje juu ya mali ya de cujus? Sheria ya Jamaa ya Kongo ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Yawaweka warithi katika makundi:

Kundi la kwanza ni watoto wa marehemu: waliozaliwa katika ndoa, na pia wale waliozaliwa nje ya ndoa ambao aliwakubali kisheria alipokuwa hai. Binti ni sawa na mwana. Kundi hili hupata robo tatu za urithi.

Kundi la pili ni mume au mke aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Watoto wakiwapo, kundi hili hupata robo inayobaki.

Kundi la tatu ni baba wakubwa na baba wadogo, wajomba na mashangazi. Hao hawapati fungu watoto wanapokuwapo.

Mwaona basi kwamba baba mdogo ajaye kutwaa nyumba na kuwafukuza watoto wa nduguye anajiweka mbele ya watu ambao sheria imewaweka mbele yake. Mila zetu zampa baba mdogo heshima na kazi ya kuwatunza yatima. Hiyo ni heshima kubwa. Lakini kutunza si kunyang'anya.

Na mjane je? Hapa lipo neno jingine la Kilatini, usus fructus, ambalo Wafaransa wameliunganisha kuwa usufruit. Usus ni matumizi. Fructus ni matunda, neno mnalolijua katika Salamu Maria kwa Kilatini, fructus ventris tui. Mwenye usufruit ana haki ya kutumia kitu na kula matunda yake, ila hawezi kukiuza, kwa kuwa si mali yake kamili. Fikirini shamba la migomba. Mwenye haki hii atakaa shambani, atapalilia, atakata mikungu, atakula na kuuza ndizi zake; lakini shamba lenyewe hataliuza.

Sheria ya Jamaa yampa mume au mke aliyebaki haki ya namna hiyo juu ya nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vilivyomo. Basi mjane asiseme, «Nyumba hii si yangu, nitoke.» Wala ndugu wasiseme, «Hana fungu kubwa, atoke.» Hata kama watoto ndio warithi wakubwa wa nyumba, mama yao ana haki ya kukaa ndani yake. Kinyume chake, mjane asimwuzie mtu nyumba hiyo kwa siri, maana hapo angewadhulumu watoto wake mwenyewe.

Lakini haki hiyo ni ya mwenzi wa ndoa, na ndoa itahitaji ushuhuda. Wengi hutoa mali ya uchumba, wazazi wakakubaliana, wakala karamu, wakadhani yote yametimia. Ndoa iliyofungwa kwa mila kati ya jamaa yapasa iandikishwe katika ofisi ya Serikali ya vyeti vya kuzaliwa na ndoa, watu waiitayo etasivili. Asiyeandikisha huwaachia watoto na mwenzake kazi ngumu ya kuthibitisha ndoa siku ya kilio. Kadhalika watoto waandikishwe. Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

IV. BONA FIDES: imani njema

Fides ni imani, na bonus ni -ema. Bona fides ni imani njema, yaani nia safi. Kinyume chake ni mala fides, nia mbaya. Amri ile ya mwaka 1888 yaagiza mambo mawili: kwanza, mapatano yaliyofanywa kwa halali ni kama sheria kwa wale waliopatana, pili, yatimizwe kwa nia safi. Jambo la kwanza Kilatini hulisema kwa maneno matatu, pacta sunt servanda, maana yake: mapatano sharti yashikwe.

Katika mji wa Goma neno hili lina uzito, hasa katika biashara ya viwanja. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo ulishuka ukapita katikati ya mji, ukafunika nyumba, maduka na Kanisa Kuu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitapika tena, ukala vijiji na nyumba upande wa kaskazini wa mji. Watu walipoteza nyumba, na pamoja na nyumba walipoteza hati. Mipaka ikazikwa chini ya mawe meusi. Mahali kama hapo mtu mwenye nia mbaya aweza kuuza kiwanja kimoja kwa wanunuzi wawili, kila mmoja akidhani yeye ndiye mwenye mali.

Mnunuzi atajikingaje? Asitosheke kusema, «Mimi nilinunua bona fide.» Nia safi yataka pia macho. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuitumia; haki hiyo huthibitishwa na hati iitwayo certificat d'enregistrement, ambayo watu wengi huiita sertifika. Karatasi ya mauzo iliyoandikwa mezani mbele ya mashahidi wawili ni ushuhuda wa mapatano, lakini si sertifika. Kabla ya kulipa, nenda katika ofisi ya ardhi uulize kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Kisha waulize majirani.

Katika mikataba ya kupanga nyumba nako kuna ukumbusho wa Waroma. Huandikwa kwamba mpangaji atunze nyumba kama baba mwema wa jamaa. Maneno hayo ni tafsiri ya bonus pater familias. Hayamhusu baba wa watoto peke yake; hata kijana asiyeoa, hata mama mpangaji, ameagizwa vivyo hivyo: aitunze nyumba ya mwenzake kwa uangalifu ule ambao mzee mwenye busara huutumia katika mji wake mwenyewe.

V. NULLUM CRIMEN SINE LEGE: hakuna kosa bila sheria

Maneno kamili ni nullum crimen, nulla poena sine lege: hakuna kosa wala adhabu pasipo sheria. Maneno yenyewe ni ya Kilatini, lakini hayakutoka kwa Waroma. Aliyeyapa umbo ni mwanasheria Mjerumani Feuerbach, mwaka 1801. Sheria ya makosa ya Kongo, ya tarehe 30 Januari 1940, inaanza na fundisho hilo hilo katika kifungu chake cha kwanza: mtu asipewe adhabu ambayo haikuwamo katika sheria kabla hajatenda kosa.

Faida yake ni nini kwa mtu wa kijiji? Ni hii: ukitozwa faini njiani, una haki ya kuuliza kwa upole, «Ni sheria gani niliyoivunja?» Anayetoza hana budi kuitaja. Pasipo sheria hakuna kosa. Pasipo kosa hakuna faini.

Katika kifungu cha 17, Katiba inaongeza mambo mawili. La kwanza: kila mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe kosa lake. La pili: kosa ni la mtu mmoja mmoja, asikamatwe mtu kwa tendo la mwenzake. Kijana akiiba na kukimbia, kumfunga mama yake mpaka kijana arudi si haki, bali ni kuvunja Katiba. Yafaa wazee wa vijiji walijue jambo hili, kwa maana katika magomvi yetu mara nyingi twashika yeyote wa nyumba ile.

Yako maneno mengine mawili ya ukoo huo. In dubio pro reo: penye shaka, mwamuzi amwelekee mshtakiwa. Ne bis in idem: mtu asihukumiwe mara mbili kwa tendo lile lile.

Na hapa tueleze neno ambalo watu wa Kivu wameuliza kwa uchungu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iko The Hague, nchini Uholanzi. Imekwisha kuwahukumu watu wa Kongo: Thomas Lubanga alionekana na hatia mwaka 2012, akapewa kifungo cha miaka 14, Bosco Ntaganda alionekana na hatia mwaka 2019, akapewa miaka 30. Wote wawili walihukumiwa kwa makosa yaliyotendwa Ituri. Basi watu huuliza: mbona mahakama hiyo haikugusa mauaji ya vita vya 1996 na 1997, au ya miaka ya kwanza ya vita vilivyoanza 1998? Je, wafu wale hawahesabiwi?

Jibu limo katika maneno mawili ya Kilatini: ratione temporis, yaani kwa sababu ya wakati. Mkataba wa Roma, ulioianzisha mahakama hiyo, ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2002, nao wasema kwamba mahakama haina uwezo juu ya matendo ya kabla ya siku hiyo. Mlango huo umefungwa. Lakini msidhani kwamba ratione temporis maana yake ni «haikuwa kosa» au «imesamehewa.» Ni uwezo wa mahakama moja tu uliopewa mpaka. Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa ndefu mwezi Oktoba 2010, iliyoandika makosa makubwa yaliyotendwa Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003; na mahakama za Kongo, hata za nchi nyingine, zaweza kusikiliza mashauri ambayo The Hague haiwezi. Anayejua maana ya neno hujua mlango upi umefungwa, naye hutafuta mlango mwingine. Asiyejua hudhani nyumba yote imefungwa.

VI. HABEAS CORPUS: neno la majirani

Wafanyabiashara wetu huvuka mpaka Bunagana kwenda Uganda, na wengine hufika Kenya. Huko sheria ilitoka kwa Waingereza, ambao nao walihifadhi Kilatini chao. Neno kubwa huko ni habeas corpus. Corpus mnalijua: mwili. Tafsiri yake ni «uwe na mwili,» yaani: wewe uliyemfunga mtu, umlete mwenyewe mbele ya mwamuzi, aonekane kwa macho, nawe ueleze kwa nini umemfunga. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 zimeilinda haki hiyo, hata zikasema kwamba isiondolewe kamwe. Jamaa ya mtu aliyepotea mikononi mwa walinzi waweza kuomba amri hiyo mahakamani.

Huko pia utaombwa affidavit, yaani hati ya kiapo. Neno hilo la Kilatini cha zamani za kati maana yake ni «ameapa.» Anayeitia sahihi ni kama ameapa mbele ya hakimu; uongo ndani yake huadhibiwa.

VII. Namna ya kusoma hati

Kwanza, usione haya. Kuuliza si ujinga. Hata wanasheria hujifunza maneno haya katika vitabu, wala hakuna aliyezaliwa akiyajua.

Pili, maneno mageni hayaongezi nguvu ya karatasi. Uongo ulioandikwa kwa Kilatini ni uongo. Mtu akikutisha kwamba «umepoteza kiwanja ipso facto,» jua kwamba ipso facto maana yake ni kwa tendo lenyewe, yaani mara moja bila tendo jingine. Mwulize: ni tendo gani, na ni sheria gani isemayo hivyo?

Tatu, mwamuzi asikilize pande zote mbili. Waroma walisema audi alteram partem: sikiliza upande wa pili. Usikubali shauri lako liamuliwe bila wewe kusema. Wala usipokuwa mzee wa baraza usimhukumu mwenzako asipokuwapo.

Nne, tunza hati. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulitwaliwa na kundi la M23, na kazi ya mahakama za Serikali mjini ilikatika. Katika nyakati za namna hiyo karatasi aliyo nayo mtu nyumbani huwa na thamani zaidi. Fanya nakala, uiache kwa mtu mwaminifu mahali pengine. Zile za asili uzifunge katika mfuko wa plastiki, uziweke mahali ambapo waweza kuzichukua upesi ukilazimika kukimbia.

Maswali ya kujipima

1. Pro Justitia maana yake nini?
Ni kwa ajili ya haki. Huandikwa juu ya hati ya polisi, wala si hukumu.

2. De cujus ni nani?
Ni marehemu ambaye urithi wake unashughulikiwa.

3. Watoto wa marehemu hupata fungu gani?
Hupata robo tatu za urithi, mabinti sawa na wana.

4. Mwenye usufruit aweza kufanya nini, na hawezi kufanya nini?
Aweza kukaa, kutumia na kula matunda. Hawezi kuuza.

5. Je, ndugu aweza kufungwa kwa kosa la nduguye?
Hapana. Kosa ni la mtu mmoja mmoja.

6. Ratione temporis yafuta kosa?
Haifuti. Yaonyesha tu mpaka wa wakati ambao mahakama fulani ina uwezo.

7. Wakili wa pro Deo hudai ujira wake kwa maskini?
Hadai. Kazi yake ni ya bure, kwa ajili ya Mungu.

Kazi ya juma hili

Kila mmoja afungue sanduku la nyumbani mwake na kutazama hati zilizomo: ya ndoa, ya watoto, ya kiwanja. Ambayo haipo, aanze kuitafuta. Ambayo ina neno asilolijua, aliandike katika daftari na kulileta kwa katekista siku ya mafundisho, tulisome pamoja. Na akiwapo jirani mjane aliyeletewa karatasi asiyoielewa, msimwache aitie kidole peke yake. Aliyejifunza maana ya de cujus aende kuketi karibu naye, amsomee polepole tangu mwanzo hadi mwisho.